KINYOZI HAJINYOI



Mwaka unapofika ukingoni, wengi wetu hukaa na kuhesabu. Mkulima huhesabu magunia, mwenye duka hutazama daftari la madeni, na mweka hazina wa kanisa hufunga hesabu zake. Wako pia wanaohesabu vitabu: mwaka huu nimesoma kumi, mwaka ujao nitasoma ishirini. Ni jambo jema, wala tusilicheke. Mtu aliyetenga saa moja ya usiku, kazi zimekwisha na watoto wamelala, akafungua kitabu badala ya kupiga soga, ana haki ya kufurahi. Lakini liko swali gumu ambalo hesabu ya vitabu haiwezi kulijibu: Je, yule aliyesoma amekua? Na kama amekua, ni nani ajuaye?

Swali hili si la mchezo. Sote tumewaona watu wa namna mbili. Mmoja alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ulimi wake ulivyozidi kuwa mkali. Akirudi nyumbani humsahihisha mama yake maneno mbele ya wageni, na mkutanoni hawezi kumngoja mzee amalize kusema. Mwingine alisoma, akawa mtu ambaye majirani humwendea wakiwa na barua ya kusomewa au shauri la kuamuliwa. Pengine vitabu vyao vilikuwa vile vile. Basi tofauti imetoka wapi?

Alikuwako Marekani mtu jina lake Benjamin Franklin, aliyezaliwa mwaka 1706 na kufa mwaka 1790. Shuleni alikaa kama miaka miwili tu. Elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma mwenyewe, na kazi yake ilikuwa ya kupiga chapa. Mwaka 1731 yeye na rafiki zake walichanga fedha wakaanzisha maktaba katika mji wa Philadelphia, ili kila mmoja apate kusoma vitabu ambavyo peke yake asingeweza kuvinunua. Katika ujana wake aliazimia kuishi bila kosa lo lote. Akaandika orodha ya tabia njema 12, kama vile kiasi, utaratibu, bidii na haki. Akatengeneza kijitabu, kila tabia na ukurasa wake, na kila siku akatia nukta nyeusi mahali alipokosa.

Lakini orodha ile ilikuwa na upungufu ambao yeye hakuuona. Rafiki yake mmoja, wa dhehebu la wale waitwao Marafiki, alimwambia kwa upole kwamba watu humwona kuwa mwenye kiburi. Tena akamtolea mifano: katika mabishano haimtoshi kuwa na haki, hupenda pia kumgandamiza mwenzake. Franklin alikubali. Akaongeza tabia ya 13, yaani unyenyekevu, na kwa kuwa kila juma aliangalia tabia moja kwa namna ya pekee, majuma yale 13 yalizunguka mara nne katika mwaka. Akaacha kusema “hapana shaka”, akajizoeza kusema “naona” au “nadhani”. Hata hivyo katika uzee wake aliandika kwamba kiburi hakikumtoka kabisa. Na kama angedhani amekishinda, labda angeuonea fahari unyenyekevu wake!

Angalieni, basi. Mtu huyu alikuwa na vitabu, alikuwa na bidii, alikuwa na kijitabu cha kujipima. Lakini kosa ambalo wenzake waliliona upesi halikuwamo katika orodha, kwa kuwa mwandishi wa orodha ndiye mwenye kosa. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno mawili: kinyozi hajinyoi.

Mtu atauliza, “Nimwulize nani? Rafiki atanisifu ili asiniudhi, na adui atanionea.” Nadhani jibu limo nyumbani. Tumwulize yule aliye chini yetu: mtoto, msaidizi wa nyumbani, kijana tunayemtuma dukani. Hao hutuona asubuhi kabla hatujavaa uso wa kanisani. Na kama mmoja wao anaogopa kusema, hofu yake yenyewe ni jibu.

Tena tusiwadharau wasiosoma. Athanasio, Askofu wa Aleksandria, aliyeandika habari za Mtakatifu Antoni wa Misri, asema kwamba Antoni hakujifunza herufi utotoni. Alipokuwa kijana, wazazi wake wamekwisha kufa, aliingia kanisani akasikia ikisomwa habari ya tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo. Akatoka, akawapa wanakijiji mashamba aliyoyarithi, akauza vitu vyake na kuwapa maskini, akibakiza kidogo kwa ajili ya mdogo wake wa kike. Ni somo moja tu, tena la kusikia. Wako wazee na akina mama kati yetu ambao hawajapata kumaliza kitabu kimoja, nao wamekua mwaka huu kuliko sisi wenye rafu zilizojaa.

Na hapa pwani yetu alikuwako Shaaban Robert (1909–1962), mwana wa Tanga. Alisoma shule miaka michache, akafanya kazi ya ukarani serikalini. Alikuwa Mwislamu, nasi twajifunza kwake pia. Aliyoyajua hakuyafungia kabatini. Alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili, ili wajue jinsi ya kuishi na watu. Maarifa yake yalikuwa na mtu wa kupewa.

Wako watakaosema, “Si kila kitabu ni dawa. Vingine twavisoma kwa kupumzika, na mafunzo mengine huota baada ya miaka mingi.” Ni kweli. Mwenye kupanda mnazi hategemei nazi mwaka ule ule. Lakini hata mnazi mchanga huonekana kama ni mzima au umekauka.

Basi, ndugu zangu, mwenye kuhesabu vitabu vyake na ahesabu, na asiye na kitabu akumbuke mahubiri au maneno ya mzee aliyoyasikia mwaka huu. Kisha kila mmoja achague jambo moja alilojifunza, na ajiulize maswali matatu. Kwanza: kwa ajili ya jambo hili nimeacha nini, au nimeanza nini? Pili: nimempa nani? Tatu: wanaoishi nami wameona tofauti gani? Maswali mawili ya kwanza waweza kuyajibu peke yako, ukiwa mkweli. La tatu usilijibu mwenyewe. Weka kitabu chini, umwendee mwenye kujua, umsikilize mpaka amalize.