Bangili ya Diani

Kuna hoteli za ufuoni kule Diani unalipia kila kitu mara moja, unafungwa bangili mkononi, na pesa haitajwi tena. Club Med, iliyoanzishwa 1950 na Gérard Blitz, ndiyo ilieneza mtindo huu. Nyingine hata watoto hawaruhusiwi, eti mapenzi yapate nafasi.

Sawa. Lakini mpenzi wako akikuletea dafu pale, amekupa nini? Nairobi akikununulia smokie na amebakisha mia mbili hadi Ijumaa, unajua amejinyima. Zawadi isiyompunguzia mtoaji chochote, ni zawadi kweli? Mimi naona pale kinachobaki cha kujinyima ni muda tu: kuacha simu chumbani, kusikiliza stori ya mamake mara ya tano, na kaunta imejaa bia baridi inakungoja.