Huruma Bila Elimu Yaweza Kuua

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekitunga ili kitufunze, lakini aliyeishi Embu au Meru hatashindwa kuwatambua watu wake.

Palikuwa na kijana mmoja wa Mbeere aliyekunywa chang'aa hadi jamaa zake wakamkatia tamaa. Akaokoka, akaacha. Miaka miwili baadaye alikodi nyumba ya vyumba vitatu nje ya mji wa Embu, akatundika kibao kwamba anawasaidia walevi. Hakuwa tapeli, ada aliyotoza ilitosha kodi na chakula tu. Rafiki yake muuguzi alimsihi asomee kwanza ushauri nasaha wa uraibu.

"Nisomee nini tena?" akamjibu. "Pombe naijua kuliko mwalimu yeyote. Mimi niliacha kwa siku moja, na wao wataacha."

Ijumaa moja mama mmoja alimleta mumewe, mwalimu mstaafu. Mzee huyo alikuwa amekunywa kila siku kwa miaka mingi. Alfajiri, kabla ya chai, ilibidi apate kikombe cha pombe cha kutoa loki, yaani uchovu wa ulevi wa jana, la sivyo hakuweza kufunga vifungo vya shati. Mchana alitafuna muguka, aina ya miraa, wa shambani kwake, na usiku akanywa zaidi ili kukata stimu ya muguka apate usingizi. Kijana hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza jina, dini, na kama mzee yuko tayari kubadilika. Kisha akamfungia chumbani.

Jumamosi asubuhi mkono wa mzee ulitetemeka hata uji ukamwagikia kifuani. Jasho lilimtiririka ilhali kulikuwa na baridi. "Vumilia, Mwalimu, ni pombe inatoka," kijana alimtuliza. Usiku mzee akaanguka kifafa. Jumapili alikuwa akikung'uta blanketi akisema siafu wamemjaa, mara akawaita kwa majina wanafunzi aliowafundisha zamani. Kijana akadhani ni mapepo, akawaita wazee wa kanisa waje kuomba. Homa ikapanda. Usiku walipompakia garini kumpeleka hospitali, mzee alikata roho njiani.

Kijana yule hakukosa upendo. Alikosa jambo linalofundishwa mwanzoni kabisa. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku huzoea kujichochea zaidi ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafla, uchochezi ule hubaki bila kizuizi. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa mara nyingi huja ndani ya siku mbili. Kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Hatari hiyo ina tiba: daktari hutoa dawa kama diazepamu, pamoja na vitamini B1, na mgonjwa huangaliwa kwa karibu. Mhudumu aliyefunzwa humwambia mgonjwa anyooshe mikono na kutanua vidole, akatazama mtetemo, akapima joto na mapigo ya moyo, akauliza kama amewahi kuanguka kifafa. Ni kazi ya dakika chache tu.

Ndiyo maana mtaala wa kimataifa wa shirika la Colombo Plan, unaotumika kuwafunzia washauri wa uraibu nchini Kenya pia, huanza na somo la mwili na ubongo na jinsi dawa za kulevya zinavyofanya kazi. Mbinu za mazungumzo, tathmini, dharura na maadili huja baadaye. Mshauri nasaha haandiki dawa, lakini lazima ajue ni saa ngapi mgonjwa si wake tena bali ni wa hospitali.

Embu inajua gharama ya kutotambua saa hiyo. Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, na Embu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Wengine walipofuka. Methanoli huanza kwa kumfanya mtu aonekane mlevi wa kawaida, na saa nyingi zinaweza kupita kabla macho hayajaingia giza. Anayemwacha "alale ipungue" humpotezea muda wa kuokolewa.

Sheria nayo haijanyamaza. Ile ya 2012 iliyounda NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imeipa mamlaka hiyo kazi ya kutoa leseni na kusimamia vituo vya waraibu, na sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014 inataka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe.

Kijana uliyeacha pombe au miraa, na moyo unakutuma uwainue wengine pale Maua, Chuka, Siakago au Runyenjes: tunakuhitaji. Umepita njia ambayo wengi wenye shahada hawaijui, na mraibu atakusikiliza wewe kabla yao. Lakini ushuhuda wako ni wa mwili wako mmoja; elimu itakupa ya miili mingine. Soma, fanya mazoezi chini ya msimamizi, jisajili, ndipo utundike kibao.

Nawe mzazi au mke unayempeleka mtu wako kituoni, usione haya kuuliza: Leseni iko wapi? Nani atampima usiku wa kwanza? Akianguka kifafa, mtampeleka hospitali gani, kwa gari la nani? Wakikosa majibu, rudi naye, umpeleke hospitali kwanza.