Fungeni Mabanio, Mto Upite

Ndugu zangu wakulima wa Usangu, nisikilizeni! Tangu 1993, Mto Ruaha Mkuu hukatika karibu kila kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na chini yake bwawa la Mtera linasubiri maji yasiyofika. Tunasingizia mvua. Mvua ina sehemu yake, sikatai. Lakini mito ya Kimani, Chimala na Mbarali bado inateremka kutoka milimani. Maji yanafika Usangu, kisha yanapotelea mikononi mwetu.

Fuateni mfereji mmoja tu mwezi wa tisa. Mpunga umeshavunwa, yamebaki mabua, na banio la kuingizia maji liko wazi usiku na mchana. Maji yanavuka jaruba hadi jaruba, yanabomoa kingo, yanatuama barabarani, jua linayamaliza. Mwisho wa mfereji huohuo kuna mama anamwagilia vitunguu kwa ndoo. Hiyo ni israfu, na israfu ni dhambi! Waislamu hufundishwa kutofuja maji hata wanapotawadha kando ya mto. Sisi tunaupitisha mto mzima kwenye mabua.

Nani alituambia mpunga ni samaki? Mpunga huvumilia kusimama majini, lakini hauhitaji kuzama msimu mzima. Kilimo shadidi cha mpunga, alichokianzisha padri Henri de Laulanié kule Madagaska miaka ya 1980, kinataka mche mchanga wa siku 8 hadi 12, mmoja kila shimo, sentimita 25 kwa 25. Unaingiza maji kidogo, unayaacha yakauke mpaka udongo uanze kupasuka nyufa nyembamba, ndipo unayarudisha. Mizizi inapata hewa, inashuka chini, na shina linachipua kwa wingi. Sitawaficha: magugu yataongezeka, na jaruba lisilosawazishwa litawaumbua. Ni jasho. Wenzetu wa Mwea, Kenya, wamelitoa jasho hilo. Jaribuni robo eka msimu huu!

Nanyi viongozi wa jumuiya za watumia maji, zamu ni zamu, hata kama mwenye shamba la juu ni mheshimiwa, hata kama ni shemeji yako. Anayeiba zamu anaiba ugali wa watoto wa mwenzake. Mkishavuna, fungeni banio siku hiyohiyo, na ufunguo mumkabidhi mkulima wa mwisho wa mfereji.