Rafiki Anayekusemea

Katika Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga ya 1988 kuhusu Rhodesia ya miaka ya 1960, Tambu ni mtiifu. Binamu yake Nyasha, aliyeishi Uingereza utotoni, hanyamazi: anambishia babake, anapigwa. Tambu anaona, lakini baba huyohuyo ndiye anamsomesha. Atasema nini? Baadaye anaenda shule ya watawa. Nyasha anabaki, anakula na kujitapisha, mwili unaisha.

Tunapenda kusema marafiki tofauti wanakamilishana. Sawa, lakini nani analipa? Kila kundi lina Nyasha wake, yule anayesema tunachowaza wote, halafu tunamwambia, "Nawe umezidi." Kumpenda chumbani hakutoshi. Akisimama, simama naye, hata kama sauti inatetemeka.