Deni Asilolijua Mwenye Kudaiwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, sababu ya kuandika karatasi hizi ni mtu mmoja wa mtaa wetu aliyenijia baada ya sala ya alasiri, simu mkononi, uso umemsawijika. Alikuwa akidaiwa shilingi 7,400 na watu asiowajua, nao si wakopeshaji, ila ni wakusanya madeni kwa niaba ya wengine. Siku tatu walimpigia yeye. Walipochoka naye wakampigia shemeji yake na mwalimu wa watoto wake, wakasema huyu ni mla mali za watu. Akaniuliza: Je, nilipe ili nisitirike? Au nishike Msahafu niape kwamba hata senti moja ya fedha hizo haikuingia nyumbani mwangu?

Nikamwambia asifanye hili wala lile mpaka tutazame.

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba asili ya dhima ya mwanadamu ni kutakasika. Mtu hazaliwi na deni, wala deni halimshiki kwa kuwa mwingine amelitaja. Bwana Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, ametufundisha kuwa dai peke yake halimpi mtu kitu, lau lingempa, isingesalimika mali ya mtu wala damu yake. Ndipo wanazuoni wakasema bayana ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Watu wale wamelipindua jambo hili, wamwambia mtu: thibitisha kuwa hudaiwi. Naye atathibitisha vipi lile lisilokuwako?

Tena liko swali la pili ambalo wengi wetu hulisahau. Hata ikiwa deni liko, wewe unayelitaka ndiwe nani? Imam Nawawi katika Minhaj, mwisho wa mlango wa wakala, amelieleza hili waziwazi: akija mtu akasema mwenye mali ameniwakilisha nipokee, nawe ukamsadiki, yafaa umpe, lakini hulazimiki kumpa mpaka alete bayana ya uwakili wake. Sababu yake ni wazi. Kesho mwenye mali aweza kuja akakana kuwa alimtuma mtu, nawe ukalipa mara ya pili. Ama akisema deni limehawilishwa kwangu, nawe ukamsadiki, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi yakulazimu kumpa, kwani umekiri kuwa mali ni yake. Basi mwenye kupigiwa simu na aulize kwanza: wewe ni wakili, au deni umehawilishiwa? Na karatasi iko wapi?

Kuuliza hivi si ujanja wa kukwepa. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, na mwenye haki ya kweli haoni uzito kuonyesha maandishi yake. Hata sheria za serikali zimelifikia hili. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1977, mdaiwa akipinga kwa maandishi katika siku 30 tangu kupata khabari ya deni, mkusanyaji hana ruhusa kuendelea kudai mpaka alete uthibitisho. Na hapa Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa simu zilikataza vitisho, matusi, na kuwatumia ujumbe watu walio katika simu ya mdaiwa ili kumfedhehesha. Basi yule aliyempigia mwalimu wa watoto amekosa kwa sheria mbili.

Siku ya nne wakamwambia: toa 4,000 yaishe. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, sulhu pamoja na kukana ni batili, ingawa Mahanafi na Mamaliki waijuzisha. Nami, nasema kweli, sikuiona hekima ya kauli yetu kama nilivyoiona siku ile. Ikiwa kila anayepiga kelele hupewa nusu, kelele zitakuwa ndiyo biashara. Mwenye kutoa kwa kudhulumiwa hana dhambi, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini kutoa kwake hushikwa kuwa ni kukiri, na nusu iliyobaki hudaiwa wiki ya pili.

Lakini msichukue nusu ya maneno haya. Deni ni zito. Mtume alijizuilia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada akalichukua juu yake. Yuko mtu husema "silijui" na maana yake ni "nimelisahau", au "sipendi kulikumbuka". Kwa hivyo nilimkataza yule ndugu kuapa. Mtu huapa kwa kukata juu ya tendo lake mwenyewe. Ama kukana tendo la mwingine, huapa kuwa hana ujuzi nalo. Naye alitaka kuapa juu ya nyumba nzima.

Tuliandika barua, tukataka jina la mkopeshaji, siku, kiasi, na hati ya uwakili. Baada ya siku tisa jawabu likaja: shilingi 5,000 za asili, zilizotumwa katika nambari yake mwenyewe, na 2,400 za ziada. Alipoitazama ile tarehe akanyamaza. Usiku ule simu ilikuwa kwa mwanawe wa miaka kumi na saba, ajuaye nambari ya siri. Angeliapa kuwa hakukopa, angelikuwa mkweli. Lakini kiapo alichokitaka kingelikuwa cha uwongo, kwani viatu vilivyonunuliwa kwa fedha zile vilikuwa mlangoni pake.

Akaniuliza deni ni la nani. Nikamwambia ni la aliyekopa, naye amebaleghe, baba halazimiki. Na lililo haki ni 5,000. 2,400 ni riba, na Qurani imempa mkopeshaji rasilmali yake tu. Hiyo ni hukumu baina yao na Mola wao. Mahakama ya serikali itatazama mkataba na jina lililo ndani yake, na jina ni la baba. Akafikiri, kisha akalipa 5,000 kwa mkopeshaji mwenyewe, akachukua risiti, na ile ziada akaandika kuwa anaikana. Kijana humrudishia baba yake shilingi 500 kila mwezi, kwa kazi ya kupakua mizigo siku za Jumamosi.