Mnara Kinamasini na Mipaka ya Jicho

Kisiwa cha Chisenga kiko upande wa kusini wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge nchini Zambia, pale Mto Luapula unapoingia ziwani kwa kupenya kinamasi kipana cha mafunjo na matete. Aliye ndani ya mtumbwi humo haoni mbali, maana mafunjo yamemzidi kimo. Ndiyo maana yeyote anayetaka wageni waje kutazama nzohe (swala wa vinamasini), viboko na ndege wa majini atafikiria kwanza mnara wa mbao. Maswali ya fundi yanajulikana: nguzo zizame kiasi gani, ngazi ilale vipi, upepo wa ziwa una nguvu gani. Lakini liko swali linalotangulia hayo yote: je, mwanadamu ana haki ya kuona kila anachoweza kukiona? Naamini hana. Mnara unastahili kusimama pale tu mchoraji wake alipoamua mapema ni mambo gani hautayaona.

Katika Kitabu cha Ayubu, mtu aliyepoteza kila kitu anadai maelezo, naye Mungu hamjibu kwa hoja. Anamtajia mbuzi wa miambani wanaozaa bila shahidi, mvua inayonyesha nyikani pasipo mtu, na mnyama mkubwa alalaye kivulini kwenye matete ya kinamasi, ambaye wafasiri wengi humchukulia kuwa ni kiboko. Ayubu haambiwi aende kuwatafuta. Anafahamishwa kwamba maisha yao yana thamani kwa Muumba hata kama hakuna binadamu anayeyashuhudia. Kurani nayo, katika aya ya 38 ya sura ya Al-An'am, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Anayeingia mji wa watu hupiga hodi. Hapandi juu ya paa kuchungulia nyua zao, hata akiwa na hakika kwamba hawatamjua.

Atakuwapo wa kusema kwamba mnyama hana aibu, hajui kama anatazamwa, basi amedhulumiwa nini? Kwa nzohe anayekula majani mbali, hoja hiyo ina nguvu. Kwa ndege aliye kiotani haina. Kule kwenye vinamasi vya Bangweulu, ambako Luapula huanzia, korongo nyangumi hutaga kwa kawaida mayai mawili, na mara nyingi ni kinda mmoja tu anayekua. Jua likiwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo wake mpana na kuyamwagia mayai ili yapoe. Akishtuliwa saa saba mchana na kichwa cha mtu kilichochomoza juu ya ukuta wa mnara, yai linabaki juani. Ziwa Mweru lenyewe lina ushahidi mwingine. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga wakati wa mafuriko. Njia yake na majira yake vilijulikana, nyavu zikamngojea humo humo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Kukijua kiumbe katika saa yake ya udhaifu ni mamlaka makubwa, na waliokuwa nayo hawakujiwekea mpaka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtu hulinda anachokipenda, na hupenda alichokiona. Hilo nalikubali. Huko Bangweulu wanavijiji wameajiriwa kulinda viota vya korongo nyangumi dhidi ya wezi wa makinda, nao hawawezi kulinda wasichokiona. Katika Hifadhi ya Kasanka kuna jukwaa la Fibwe, mita 18 hivi kutoka ardhini kwenye mti wa mkangazi, ambako mgeni humtazama nzohe kinamasini bila kumsogelea. Mlinzi wa kiota, hata hivyo, hukaa kando, na Fibwe humwacha nzohe aje kwa hiari yake. Tofauti ni kubwa na hoteli ya Treetops iliyojengwa Aberdare, Kenya, mwaka 1932, juu ya mgumo, mti ambao Wakikuyu waliuheshimu kama mahali pa sala. Pale chumvi iliwekwa ili wanyama wasogee, tembo wakaja kwa wingi, na miti ya kandokando ikaangamia. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto.

Kwa hiyo mnara wa Chisenga ujengwe ukingoni, si katikati ya mafunjo. Usiwe na chambo. Kuta zake zizibwe, ziachwe nyufa nyembamba usawa wa macho ya aliyeketi, na ngazi ifichwe. Majira ya kutaga ufungwe. Uwe mfupi pia, na hapa fundi na mwanatheolojia wanakutana: kila mita inayoongezwa inadai nguzo nene zaidi. Nguzo huoza hasa pale maji na hewa vinapopokezana, na ziwa hili hupanda na kushuka. Mti wa mubanga huvumilia, lakini hukua polepole, kwa hiyo kila nguzo ni deni kwa msitu. Nguzo za kiwandani zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki hudumu, ila sehemu ya dawa hiyo huvuja, na maji haya watu huyanywa. Nachagua nguzo chache za mubanga na mnara mfupi, mgeni aone kidogo.

Wapo wasiotajwa kamwe kwenye michoro ya namna hii: wavuvi. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku, na aliye juu ya mnara ataona kila mtumbwi unaojificha, kila moshi wa kambi, kila mama anayeoga kando ya maji. Nchi ina haki ya kusimamia sheria ya samaki, lakini ifanye hivyo kwa askari wanaojulikana, si kwa darubini za watalii. Kurani, katika sura ya 49, inakataza kupelelezana. Wakazi wa kambi hawakuombwa ruhusa ya kutazamwa, na fedha za viingilio, hata zikijenga darasa, hazinunui ruhusa hiyo. Upande wa mnara unaoelekea kambi upigwe mbao tangu sakafu hadi dari, na wazee wa kisiwa ndio waonyeshe upande huo ni upi kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.