Mstari Mmoja Niliouacha Makusudi

Kwa miezi saba nililipwa shilingi 50 kila asubuhi kwa kazi ya sekunde kumi. Nilikuwa naingia saiba moja hapa Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, kabla wanafunzi hawajaamka vizuri. Nawasha printa, nafungua ile skrini nyeusi, naandika maneno machache, printa inanguruma, taa ya kijani inawaka. Mama mwenye saiba ananipa 50 yangu. Dada wa kaunta ananitazama kama anayemtazama mganga.

Kuna mstari mmoja ambao ningeuweka kwenye ile kompyuta siku ya kwanza, na kazi hiyo ingekuwa inajifanya yenyewe. Niliujua. Sikuuweka. Tangu hapo kuna swali linanisumbua: je, ile 50 ilikuwa mshahara au wizi?

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Ada. Hadithi hiyo mnaijua, siirudii. Nilibaki Nyawita kwa sababu kurudi nyumbani bila cheti ni safari ndefu kuliko kilomita zake. Saiba ile ilikuwa na shida za saiba zote: flashi za wanafunzi zinaleta virusi, folda zinageuka shotikati, na Windows yenyewe ilikuwa ya kunakili. Nikamshawishi Mama tuweke Linux, ile iitwayo Ubuntu. Virusi vikaisha. Shida mbili zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa modemu, zile za kuchomeka kwenye USB. Modemu nyingi za aina hiyo zina ujanja: ukizichomeka zinajifanya sidii, yenye programu za Windows ndani. Windows inasoma hiyo sidii, inaweka programu, halafu modemu inageuka kuwa modemu. Linux inaona sidii tu, basi. Inabidi uitumie ujumbe wa kuiamuru ijigeuze. Kuna programu ya kazi hiyo, usb_modeswitch, aliyoiandika mtu anayeitwa Josua Dietze na kuitoa bure. Lakini yetu haikuwamo kwenye kompyuta, na ili uipate unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo modemu. Nilitembea na flashi hadi saiba ya jirani, nikalipia dakika kumi, nikarudi nayo mfukoni kama mtu aliyeomba moto kwa jirani.

Ya pili ilikuwa printa, leza ndogo. Ile printa haina kumbukumbu. Kila ikizimwa inasahau programu yake ya ndani, na kila ikiwashwa lazima kompyuta iilishe upya. Kwenye Windows draiva inafanya hivyo kimyakimya. Kwenye Linux ilibidi nitafute faili lenyewe na njia ya kulisukuma hadi kwenye printa. Ilinichukua wiki mbili. Niliyafuata maelezo ya watu nisiowajua, watu wa mbali waliokesha na mashine kama yangu, wakashinda, halafu wakaketi kuandika hatua kwa hatua ili mwingine asikeshe. Hakuna aliyenidai hata senti.

Mwisho wa maelezo yao kulikuwa na ule mstari. Kanuni fupi ya kuiambia Linux: ukiona printa hii imewashwa, ilishe mara moja, usingoje mtu. Niliusoma. Nikafunga ukurasa.

Sababu yangu ilikuwa rahisi. Wenzangu walikuwa wanaelekea kupata digrii. Mimi nilikuwa na maneno machache ambayo hakuna mwingine pale aliyeyajua. Ile siri ndiyo ilikuwa cheti changu. Dada wa kaunta aliwahi kuniuliza, kwa heshima kabisa, "Fundi, si unifunze tu hiyo kitu?" Nikamwambia ni ngumu kueleza. Haikuwa ngumu. Ingenichukua muda wa kunywa chai.

Halafu ikaja siku ya kurudisha miradi. Mimi nilikuwa Kisumu mjini kwa shughuli zangu, simu imeisha chaji. Saa nane mchana stima ikapotea Maseno, ikarudi baada ya dakika tano. Dakika tano zinatosha. Printa ilisahau kila kitu. Kijana mmoja alikuwa na kurasa 60 za mradi wake, mwisho saa kumi na moja. Dada aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, akanipigia mara kumi na moja. Nilihesabu baadaye. Kijana alikimbia kutafuta kwingine, akakuta foleni, akafika ofisi imefungwa. Sijui mambo yake yaliishaje. Najua kwamba Mama alimgombeza dada mbele ya wateja, na dada hakuwa na kosa lolote ila kunyimwa sentensi moja.

Wiki hiyo hiyo, nikisoma ili nikwepe kufikiria, nikakutana na historia ya vitu nilivyokuwa navitumia. Inaanza na printa. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa ya leza na kampuni ya Xerox. Ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Kwenye printa ya awali, kijana wa maabara, Richard Stallman, alikuwa ameongeza kitu kidogo: ikikwama, wote wanaosubiri wanapata ujumbe, mmoja anaenda kuikwamua. Hii mpya ilikuja bila msimbo wake. Alimfuata mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Yule akakataa: alikuwa ametia saini kwamba hatampa mtu. Hasira ya siku ile ni moja ya mambo yaliyomfanya Stallman atangaze mradi wa GNU mwaka 1983, na programu za mradi huo ndizo zilizokutana na kiini alichotoa Linus Torvalds mwaka 1991, zikawa mfumo uliokuwa kwenye kompyuta ya Mama.

Nilijiona mle ndani, na sikuwa Stallman. Nilikuwa yule wa kukataa. Yeye angalau alikuwa ameahidi mtu. Mimi sikuwa nimetia saini popote.

Nimelijadili hili na rafiki yangu mmoja, na hoja yake siwezi kuipuuza. Anasema, "Mse, kampuni zinaficha, zinatajirika, zinaitwa wabunifu. Wewe umeficha kitu cha 50 bob unajiita mwizi. Kwa nini kugawa kuanze na asiye na kitu?" Anaongeza kwamba mama wa sokoni Luanda hamwambii mwenzake anakopata omena nzuri, na hakuna anayemlaumu.

Ni kweli. Lakini mama wa omena huuza omena. Anayenunua anakwenda nayo nyumbani, anapika, wanakula. Mimi nilikuwa nauza nini? Kazi nilishalipwa siku ya kwanza. Zile asubuhi zilizofuata nilikuwa nauza kutojua kwa dada, na ili niendelee kuuza ilibidi aendelee kutojua. Kampuni ikifunga kitu, hasara inatua mbali na macho yake. Kufuli langu lilimwangukia msichana anayelipwa kwa siku na kijana wa flashi. Maskini akiweka kufuli, mlango unaofungika huwa ni wa maskini mwenzake.

Na kulipwa si dhambi. Stallman mwenyewe, katikati ya miaka ya 1980, aliuza tepu za programu yake ya Emacs kwa dola 150, huku kila mnunuzi akiwa huru kuinakili na kuigawa. Alitoza kazi ya mikono. Mlango aliuacha wazi.

Niliuweka ule mstari Jumatatu. Nilimweleza Mama ukweli wote. Alininyamazia, na kile kimya kilikuwa kirefu. Nilimfunza dada mambo yote mawili, modemu na printa, tukaandika hatua kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuibandika ukutani. 50 yangu ikaisha siku hiyo hiyo. Sitawadanganya kwamba ilirudi kwa njia nyingine. Mwezi ule nililala njaa mara kadhaa, na kuna usiku nilijiita mjinga.

Dada sasa anaitwa huku na kule kutengeneza mashine za watu. Wivu ninao, kidogo. Mwezi jana skana yangu ilikataa kuonekana kwenye Linux, nikahangaika siku tatu, mwishowe nikampelekea. Aliitengeneza kwa nusu saa.

Akanitoza 50. Halafu akageuza skrini upande wangu, akasema, "Sogea uone nilivyofanya."